Juma la Mwisho Kabla ya Vyuma

Jua lilikuwa ndio kwanza linachungulia nyuma ya minazi ya uwanjani, nasi tulikuwa tumejazana mbele ya ubao wa matangazo kama siafu. Ilikuwa Jumapili, muhula wa pili wa mwaka 2025. Mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye pia ndiye mkufunzi wa kunyanyua uzani, alikuwa amebandika orodha ya wanafunzi sita watakaopambana na wageni wetu Jumamosi iliyokuwa ikija. Jina langu lilikuwa la nne. Nililiona hata kabla sijalisoma, maana jicho la mtu lina pupa ya kujitafutia mwenyewe. Tingatinga, jirani yangu wa kitanda cha juu, alinipiga kofi la mgongoni lililonifanya nikohoe.

"Umeingia, bwana! Kilo sitini na mbili za mifupa mitupu, na umeingia!"

Lakini furaha yangu haikudumu zaidi ya povu la sabuni. Chini ya orodha palikuwa na mistari miwili iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Wa kwanza ulisema kwamba mashindano hayo ya kirafiki yangefanyika siku ya wazazi kututembelea, ili nao wapate kutazama. Wa pili ulisema kila aliyetajwa achukue fomu ya idhini, itiwe sahihi na mzazi, na irudishwe kabla mashindano hayajaanza. Tumbo likaninyonga.

Msomaji mwenzangu, hapa yanibidi nieleze jambo ambalo hata Tingatinga hakulijua. Mamangu alikuwa amenikataza vyuma.

Babangu alikuwa hamali. Kwa miaka mingi alipakua malori sokoni, akibeba magunia ya mahindi ya kilo 90 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, na malipo yalikuwa ya kila gunia. Mwaka 2019 aliteleza kwenye ubao wa kushukia lori huku gunia liko shingoni. Sikuwapo. Niliambiwa tu kwamba alisikia kitu kikilia kiunoni kama ukuni mkavu. Toka siku hiyo hawezi kuinama kuvaa viatu, mamangu humvalisha. Siku hizi huketi kibandani pa mamangu akichambua mbaazi na kuhesabu chenji, naye mama ndiye aamkaye saa kumi za alfajiri kukaanga mahamri.

Kwa hivyo nilipomwambia, nikiwa kidato cha pili, kwamba shule yetu ina vyuma vya kunyanyua, aliweka mwiko chini. "Mgongo mmoja katika nyumba hii umetosha," alisema. "Wewe soma." Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Tangu siku hiyo, kila alipoulizia shughuli zangu za jioni, nilimtajia Chama cha Kiswahili. Haukuwa uongo mtupu, kwani mimi ni mwanachama na ndio maana mnanisoma humu. Ila Chama hukutana Alhamisi pekee, na vyuma nilivishika siku nne kwa juma.

Pengine kuna wasomaji ambao hawajawahi kuingia katika stoo yetu iliyo nyuma ya maabara. Ni chumba cha mabati ambacho zamani kiliwekwa majembe na mikokoteni. Humo mna mtaimbo mmoja wa kweli wa kilo 20, zawadi ya mwanafunzi wa zamani, na sahani za chuma tulizozipaka rangi sisi wenyewe kama zile za mashindano makubwa: nyekundu ni kilo 25, buluu 20, manjano 15, kijani 10. Mna pia mitaimbo miwili ya kienyeji, yaani mabomba yenye mikebe ya rangi iliyojazwa saruji kila upande. Hiyo ndiyo tuliyojifunzia. Ukutani Mwalimu amebandika picha mbili. Moja ni ya Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, mtu mfupi kuliko wengi wetu, ambaye mwaka 1988 kule Seoul alinyanyua kilo 190 hali yeye alikuwa wa kundi la kilo 60. Ya pili ni ya Mercy Obiero, Mkenya mwenzetu aliyeshiriki Olimpiki za Beijing mwaka 2008. Chini ya picha ya Mercy mtu ameandika kwa chaki, "Na wewe je?" Mwalimu hajayafuta maneno hayo.

Minyanyuo ni miwili. Katika ule wa kwanza chuma hutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika popote. Sisi huuita Mkupuo. Katika wa pili chuma hupandishwa kwanza mabegani, mtu akasimama wima, akavuta pumzi, kisha akakisukuma juu. Huo twauita Hatua Mbili. Kila mshindani hupewa majaribio matatu katika kila mnyanyuo, na uzito mkubwa aliofaulu katika mmoja hujumlishwa na mkubwa aliofaulu katika mwingine. Ukikosa yote matatu ya mnyanyuo mmoja, huna jumla. Tena uzito hupanda tu, haushuki. Ukitaja 70 ukashindwa, huwezi kuomba 65. Ndiyo sababu Mwalimu hutuambia kwamba jaribio la kwanza liwe uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua hata akiamshwa usiku wa manane.

Jumatatu tuliingia stoo tukidhani tutaumizwa kama majuma yaliyotangulia. Wapi! Mwalimu alitupa raundi chache za uzito wa wastani, akafunga daftari lake.

"Ndio basi, Mwalimu?" Tingatinga aliuliza.

"Ndio basi. Nguvu za Jumamosi mmeshazijenga tangu mwezi jana. Juma hili la mwisho haliongezi kitu, ila laweza kupunguza. Mwili umechoka, na uchovu ukitoka ndipo nguvu zinaonekana. Kuleni, laleni."

Maneno haya yaliniingia sikio la kushoto yakatokea la kulia. Mtu aliyezoea kutoka jasho, ukimwambia apumzike, hujiona anaoza. Nilikwenda bwenini nikalala chali, nikawa nahisi misuli inanywea kama mchicha juani. Fomu ya idhini niliikunja mara nne nikaitia ndani ya kamusi.

Jumanne ndiyo iliyoniponza. Baada ya chakula cha mchana uvumi ulienea kwamba kijana wa wageni aliye katika kundi langu alikuwa akisukuma kilo 80 katika Hatua Mbili. Aliyeleta habari alidai kuambiwa na binamuye. Mimi sikuwahi kupita 75, na hizo nilizipata mara moja tu. Moyo ukaanza kunidunda kama ngoma ya vugo. Wakati wa masomo ya jioni nikamwandikia Tingatinga kikaratasi: "Twende stoo. Dakika kumi." Yeye ana ufunguo kwa kuwa ndiye msimamizi wa vifaa. Alinitazama, akatazama dari, akanyanyuka.

Hatukuwasha taa. Mwanga wa mlingoti wa nje ulipenya mabatini ukachora mistari sakafuni. Tukatia nyekundu moja na ndogo ya kilo 5 kila upande. Sikujipasha misuli moto, wala sikujipaka chaki. (Nataja kwa kuwa kuna waliojaribu: chaki ya wanyanyua uzani ni ya magnesiamu, si hii ya ubaoni. Hii huteleza.) Nilishika, nikavuta.

Mtaimbo ulitoka sakafuni, lakini ulitoka ukiwa mbali nami. Ulipofika magotini ulinivuta mbele, na mgongo wangu ukakunjika kama upinde. Nikasikia mchomo mwembamba kiunoni, kama sindano iliyoingia na kutoka. Sikufikiri. Niliachia. Chuma kilianguka kwa kishindo kilichowaamsha kunguru wote wa mwembe wa maabara, na sakafu ya saruji ikapata ufa hadi leo upo, nendeni mkautazame.

"Umeumia?" Tingatinga aliuliza kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba kunong'ona kungesaidia kitu baada ya kishindo kile.

Sikumjibu. Nilikuwa nimesimama nimeshika kiuno kwa mikono miwili, nikimwona babangu akisubiri kuvalishwa viatu. Tochi ya soja ilitukuta katika hali hiyo.

Usiku ule sikupata lepe la usingizi. Kila nilipogeuka nilijipima kama mchomo upo. Kulipopambazuka ulikuwa umekwisha, nami nikainama kufunga kamba za viatu mara tatu, nifunge na kufungua, nihakikishe.

Jumatano Mwalimu alituita ofisini. Tingatinga aliadhibiwa kupalilia bustani ya jikoni na akanyang'anywa ufunguo. Mimi nilibakishwa. Mwalimu aliniamuru niiname, ninyooke, nigeuke huku na huku, akinitazama usoni kuona kama najikaza. Kisha akauliza, "Na fomu yako iko wapi? Wenzako wawili wameshazirudisha."

Ningeweza kusema chochote. Kuna kijana wa kidato cha nne anayeweza kuiga sahihi ya mtu yeyote kwa bei ya mkate, na kwa kweli Jumatatu nilikuwa nimeshamwendea. Aliniambia nilete mfano wa sahihi ya mama. Sikuwa nao, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa kuliko uadilifu wowote. Nikamweleza Mwalimu yote, tangu gunia hadi Chama cha Kiswahili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakunigombeza. Alisukuma simu ya ofisi upande wangu.

Aliyepokea alikuwa baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini? Uko mgonjwa?"

"La, baba. Mama yuko?"

"Ameenda kununua unga. Sema nami."

Nikasema. Nilisema kwa haraka kama mtu anayetapika, hadi Mwalimu akatoka nje akaufunga mlango. Nilipofika mwisho, upande ule palikuwa na kelele za sokoni tu: pikipiki, mtu akinadi ndizi.

"Unabebaje?" baba aliuliza hatimaye.

Sikulitarajia swali hilo. Nikamweleza: miguu chini ya mtaimbo, kiuno chini, mgongo umenyooka, chuma kigusane karibu na ugoko, nguvu zitoke miguuni. Nikamwambia alivyotufundisha Mwalimu darasani, kwamba uzito ulio mbali na mwili huuelemea mgongo maradufu kuliko uzito ule ule ukiwa karibu.

"Sisi hatukufundishwa," alisema. "Ulikuwa ukitwikwa tu, ukaenda." Akanyamaza. "Na likikuzidi?"

"Naachia, baba."

"Unaachia?"

"Ndiyo. Naachia mikono narudi nyuma, linaanguka."

"Na hakuna anayekulipisha?"

"Hakuna."

Nilimsikia akivuta pumzi. Baadaye ndipo nilipofahamu alichokuwa akiuliza. Gunia lililopasuka hukatwa kwenye malipo ya aliyeliangusha. Siku ile ya mwaka 2019 alikuwa na nafasi ya kulitupa. Alilishikilia.

"Mimi siwezi kukuruhusu," alisema. "Si mimi uliyemdanganya. Nitamwambia mamako nilivyosikia, na Jumamosi utamwambia mwenyewe." Simu ikakatika.

Alhamisi Mwalimu alinishusha. Tulikuwa tumeandika kwamba ningeanza na 65 katika Hatua Mbili, yeye akapiga mstari akaandika 60. "Hiyo ni adhabu?" nikauliza. "Hiyo ni hesabu," akanijibu. Nilifanya mazoezi na mtaimbo mtupu, nikijifunza upya namna ya kuukumbatisha miguuni. Jioni nilihudhuria Chama cha Kiswahili, na nawaambia sikupata kukaa mkutanoni nikiwa na nafsi nyepesi kama siku ile, ingawa mjadala wenyewe ulikuwa wa ngeli.

Ijumaa ilikuwa ya kupumzika. Ya kuchekesha ni kwamba siku ya kupumzika ndiyo iliyomtesa Tingatinga. Walimu wa pande zote walikuwa wameafikiana makundi matatu: chini ya kilo 60, kutoka 60 hadi 70, na zaidi ya 70. Yeye alikuwa na 71 kwa mizani ya jikoni, ile inayopimia maharagwe. Akaapa kuipoteza hiyo moja. Hakula githeri, hakunywa maji, akavaa sweta mbili na kukimbia kuuzunguka uwanja saa nane mchana katika joto hili letu. Mwalimu alimkuta ameketi chini ya mwembe, midomo imekauka, anaona nyota. Akampa maji ya chumvi na sukari na kumwandikisha katika kundi la juu papo hapo. Usiku huo Tingatinga alikula sahani yake na nusu ya yangu.

Jumamosi ikafika. Wageni waliwasili saa moja na nusu kwa basi lao, wakiimba. Saa mbili tulipimwa uzito. Nilikuwa na 62 kamili. Kijana wa kilo 80 alikuwa mpole, mwenye miwani, na nilipomuuliza kuhusu hizo 80 alicheka hadi akaivua miwani aifute. "Mimi? Sabini na tano nikiwa na bahati!" Basi hapo nikajua nilihatarisha mgongo wangu kwa maneno ya binamu ya mtu.

Mama alifika saa tatu. Nilimwona akitoka langoni na leso yake ya kisutu, kikapu mkononi, akitembea pole pole kama atembeavyo akiwa na hasira. Nilimwamkia. Aliitikia, hakunitazama.

"Viko wapi?" aliuliza.

Nikampeleka stoo. Alisimama mlangoni akakitazama kile chumba, zile picha, ule ufa wa sakafuni. Kisha akaingia, akaugusa mtaimbo kwa ncha ya kiatu kama mtu anayegusa nyoka aliyeuawa asiye na hakika naye.

"Chama cha Kiswahili," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Mwaka mzima, Chama cha Kiswahili. Nikiwaambia watu sokoni, mwanangu atakuwa mtangazaji."

Sikuwa na la kusema. Mwalimu alikuja akamsalimu kwa heshima, akaanza kueleza mambo ya usalama. Mama alimwinulia kiganja.

"Mwalimu, babake kanituma jambo moja. Nataka kuona anavyoachia."

Mwalimu alinitazama. Nikatia manjano kila upande, kilo 50 zikatimia, nikapandisha mabegani. Nikasimama. Kisha nikasukuma mikono mbele na kurudi nyuma. Mtaimbo ukaanguka mbele yangu, ukadunda, ukatulia. Mama alishtuka akashika leso kifuani.

"Tena," alisema.

Nikafanya tena. Mara hii hakushtuka. Alifungua kikapu, akaondoa hotipoti ya mahamri na mbaazi akaiweka juu ya dirisha, akaomba kalamu. Fomu niliichomoa kwenye kamusi ikiwa na mikunjo kama uso wa ajuza. Aliiweka juu ya goti akatia sahihi, herufi moja moja.

"Likikuzidi uliachie," alisema. "Usilipiganie. Sema wallahi."

"Wallahi, mama."

Mashindano yenyewe nitayapitia upesi. Katika Mkupuo nilipata 45, nikapata 50, nikakosa 55. Kijana wa miwani alipata 55. Katika Hatua Mbili nilianza na zile 60 za adhabu, au za hesabu, zikaniwia nyepesi. Nikapata 70. Mwenzangu naye akapata 70, kisha akajaribu 75 akashindwa. Ili nimshinde nilihitaji 77 na nusu, ambazo sikuwahi kuzigusa ila kwa ujinga wa Jumanne. Mwalimu alinijia na daftari. "Sema wewe. Waweza kuacha hapa, nafasi ya pili ni yako."

Nikasema ziwekwe. Zilipanda mabegani, Mungu ni shahidi. Nilisimama nazo, miguu ikitetemeka, stoo nzima na waliokuwa madirishani wakipiga kelele. Nikavuta pumzi nikasukuma. Zilifika juu ya paji la uso, na hapo nikahisi zikianza kunivuta mbele, ule uvutaji wa Jumanne, naujua sasa kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Nikaachia.

Kishindo kilifuatwa na kimya. Waamuzi wakainua vibao vyekundu vitatu. Katika kimya hicho nikasikia makofi ya mtu mmoja. Nikageuka. Alikuwa mama, amesimama kwenye benchi la nyuma, anapiga makofi kwa nguvu kama aliyeona ushindi, na wazazi waliokaa naye wanamtazama wasimwelewe.

Tulikula mahamri chini ya mwembe, pamoja na Tingatinga aliyeshika nafasi ya tatu katika kundi la juu, na yule kijana wa miwani ambaye mama alimwita mwenyewe. Mama hakusema kama muhula ujao nitaendelea au la, nami sikuthubutu kuuliza. Alipokuwa akifunga kikapu aliniuliza, "Ile sahani ya buluu, moja ni kilo ngapi?"

"Ishirini, mama."

"Na nyekundu?"

"Ishirini na tano."

Alizirudia chini kwa chini, buluu ishirini, nyekundu ishirini na tano, huku akihesabu kwa vidole.

"Babako ataniuliza," alisema.